Dar mpaka Mafinga na mama, kumfuata kuruta wetu

Nimesharudi nimelala vya kutosha, sasa naweka hapa yale niliyokuwa naandika kwenye simu njiani, nikisaidiwa na picha, maana wengi mliniuliza pembeni mtu anafikaje Mafinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwenye sherehe ya kufunga mafunzo, gharama zikoje na getini kukoje. Ni ndefu kidogo. Na vichekesho vya kambini vimejaa humu kwasababu tulisafiri wanawake watatu na wawili kati yetu tulishapita huko huko.

Tulikuwa hivi. Mimi. Shosti wangu wa Tanga, mwalimu wa sekondari sasa hivi, ambaye kambini tulimbatiza Radi kutokana na sauti yake na jina likaganda mpaka leo. Na mama, ambaye kitinda mimba wake alimaliza form six mwezi wa tano akapangiwa Mafinga, kikosi kile kile tulichopitia mimi na Radi mwaka 2014. Mama aliposikia tu "Mafinga tena" akasema safari hii haendi mtu kumuwakilisha, anakwenda mwenyewe.

Kwa wadogo zetu wasiojua, JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na haya mafunzo ya mujibu wa sheria kwa wanaomaliza form six yalisimama mwaka 1994 yakarudi 2013, yalivyorudi hata wabunge vijana walivaa bukta wakaingia kambini, wanawake kwa wanaume. Ndio maana kwenye familia nyingi utakuta shangazi mkubwa anajua kwata, mtoto wa form six anajua kwata, halafu katikati hapo kuna kundi zima la madada na makaka hawajui hata filimbi ya kuamka inapigwa saa ngapi. Inapigwa saa kumi alfajiri.

Jumatano: Dar, Morogoro, Kitonga, Iringa

Tuliamua kuanza na treni ya SGR kukwepa foleni ya kutoka Mbezi mpaka Chalinze. Daraja la kawaida Dar mpaka Morogoro elfu 13 kila mtu. Fikeni mapema, mizigo inapita kwenye mashine na milango inafungwa kabla ya muda wa kuondoka, hakuna cha kumpungia dereva mkono akusubiri. Mama alikuwa na begi la nguo, ndoo ya visheti na kashata, kopo la achari ya embe, samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye magazeti tabaka tatu, na doti mbili za kanga mpya ambazo alizibeba mwenyewe kwapani hakutaka mtu amsaidie. Askari wa pale kwenye mashine akauliza mama kuna nini humu, mama akamwambia "humo mna mwanangu", yule kaka akacheka akapitisha ndoo taratibu kwa mikono miwili.

Tulivyopita maeneo ya Ruvu Radi akaonyesha upande ule akasema huko nako kuna kambi, Ruvu JKT, na hapo hadithi ya bukta ikaanza, na mama alikuwa hajawahi kuisikia vizuri.

Iko hivi. Kila mwaka JKT wanatoa orodha ya vitu vya kwenda navyo: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiwe na zipu, urefu uishie magotini, tisheti ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, na nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Sasa Radi kwao Tanga orodha ilisomwa na shangazi yake ambaye ni fundi cherehani, na shangazi akaona mtoto wa kike kuonekana magoti mbele za watu hapana. Akaiteremsha bukta ikapita goti ikafika nusu ya muundi, na kwakuwa ni bukta ya mtoto wake anayempenda, akaitia na lesi chini kuzunguka.

Siku ya ukaguzi wa kwanza tumesimama mstari mmoja tunatetemeka, afande anapita mmoja mmoja, akafika kwa Radi akasimama. Akaitazama ile lesi. Akazunguka nyuma akaitazama na huko. Akauliza, "Kuruta, hii ni bukta au pazia?" Radi, kwa ile sauti yake, mbele ya kombania nzima: "BUKTA AFANDE, SHANGAZI KASHONA!"

Jamani. Mtu huruhusiwi kucheka kwenye mstari, na hakuna adhabu ngumu duniani kuliko kuzuia kicheko umesimama mguu sawa. Afande mwenyewe aligeuka akaangalia msitu kwa muda. Kuanzia siku hiyo ikawa ndio jibu letu la kila kitu, wasichana wa kombania ile. Uji umeungua, shangazi kashona. Buti la kushoto limepotea, shangazi kashona. Nani kachelewa fatiki, yaani kazi za kambini, shangazi kashona. Mama alicheka mpaka abiria wa siti ya mbele wakageuka nao wakataka kusimuliwa, Radi akasimulia upya, na mpaka tunafika Morogoro behewa lile lote lilishajua habari za shangazi.

Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, hapo ndio tulikaa. Kwa mtakaotumia njia hii: kateni tiketi ya basi la Iringa, Mbeya, Njombe au Songea mkiwa bado Dar na mumwambie wakala kwamba mnapandia Msamvu, apige simu kwa konda mbele yenu. Mabasi yanatoka Dar yamejaa na ukisimama tu stendi kutegemea bahati utasimama sana. Sisi tulikuwa na tiketi lakini basi letu lilichelewa, saa nne ikapita, saa tano ikapita, likaingia saa sita na robo. Kijana mmoja mwenye kibanda cha vocha alipomuona mama amesimama akampa kiti chake yeye akakaa juu ya kreti la soda muda wote huo, na alipopewa visheti akavila vyote pale pale akasema mama hivi ni vya kwetu Lindi kabisa. Nauli Msamvu mpaka Iringa tulilipa elfu 20.

Mikumi nimepiga picha za twiga na nyani, barabara inakatiza ndani ya hifadhi kama kilometa 50, gari inakwenda polepole kwa matuta na mabango ya faini za kugonga wanyama, mama alisoma faini ya tembo akasema dereva aendeshe kwa adabu. Ruaha Mbuyuni tulikula wali nyama na watu wakanunua vitunguu kupitia dirishani, msinunue mkiwa mnakwenda, nunueni mkirudi.

Kisha Kitonga. Waliopita wanaijua, mlima, kona, korongo upande mmoja. Lori lilikuwa limekufa kwenye kona katikati, magari yamepangana juu na chini, na jua lilikuwa limeshaanza kuzama. Watu wote tukashuka. Baridi ya pale si ya Morogoro tena, na masweta ya wengi yalikuwa kwenye buti la basi chini ya magunia. Kwahiyo sweta panda nalo juu, na maji pia.

Hapo ndio tukampata bibi mmoja aliyekuwa siti ya nyuma yetu, anakwenda Makambako kwa mwanae. Alimuona mama anajikunyata akavua begani kitenge chake kizito akamfunika nacho bila hata kuuliza jina. Aliposikia tunakwenda kumuona kuruta, akajinyoosha mgongo akasema, "Mimi nimekwenda jeshini miaka ya themanini, mwaka mzima, sio hii miezi yenu mitatu." Akawa amepata wasikilizaji.

Alikuwa kwenye kikosi cha jikoni. Ugali wa kombania unapikwa kwenye sufuria ambalo mtu mzima anaweza kuoga ndani, mwiko mrefu unashikwa kwa mikono miwili, wanasonga wawili wawili wakipokezana. Kulikuwa na afande mmoja kila siku analalamika ugali mbichi, wasichana hawana nguvu za kusonga. Bibi akamwambia kwa heshima zote, "Afande, tunaomba somo." Kesho yake kombania nzima imekaa na mabakuli, afande akakunja mikono ya shati, akauzamisha mwiko, akausukuma. Mwiko haukwenda. Akauvuta, haukurudi. Akauacha akarudi nyuma kufuta jasho na mwiko ukabaki umesimama wenyewe katikati ya ugali, wima kabisa, na kijana mmoja huko nyuma akaupigia saluti. Bibi anasema kuanzia siku ile afande akawa anakula ugali anasema asante.

Radi naye hakubali kushindwa, akatoa la lindo. Usiku wa Mafinga mwezi wa saba, amepangwa kulinda banda la ng'ombe, ana fimbo tu mkononi. Saa nane mtu anakuja gizani. "SIMAMA! NANI WEWE?" Mtu akasema afande wa zamu. "NENO LA SIRI!" Afande akataja la jana yake. "SILO! LALA CHINI!" Akalala, kwenye umande, na Radi hakumruhusu kuinuka mpaka kamanda wa gadi aje amtambue, na kwakuwa kamanda alikuwa mbali akaanza kumhoji pale pale chini: kwenu wapi, mama yako anaitwa nani, jioni umekula nini. Asubuhi kwenye paredi afande akamwita Radi mbele, sisi wote tukajua leo amekwisha. Afande akasema kambi ikilindwa hivi yeye atalala usingizi, akampa soda. Ile soda tulikunywa hanga zima, yaani bweni letu lote, kila mmoja funda moja.

Bibi aliposikia hivyo akasema enzi zake hakuna aliyefikiria kwamba siku moja waziri wa ulinzi wa nchi hii atakuwa mwanamke, na ikawa, Dk. Stergomena Tax mwaka 2021. Radi akamwongezea na Kenya, Fatuma Ahmed, amekuwa mwanamke wa kwanza kuwa Meja Jenerali kule mwaka 2018, na mwaka 2024 akapewa jeshi lao zima la anga. Bibi akauliza, "La ndege?" Akaambiwa la ndege. Akatulia kidogo akasema, "Basi huyo mwiko wake mkubwa."

Lori lilivutwa kwenye saa mbili usiku. Kabla ya kuingia Iringa tulipita Lugalo, pale ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliwapiga Wajerumani waliokuwa chini ya kamanda wao Zelewski, na ndio jina lililopewa kambi ya Lugalo Dar na hospitali yake. Giza, huoni mnara. Radi alisimama ndani ya basi akapiga saluti, bibi naye akanyanyua mkono akiwa amekaa.

Tukalala maeneo ya Ipogolo, elfu 25 chumba, maji ya moto wanakuletea kwenye ndoo ukiomba.

Alhamisi: Iringa mpaka Mafinga

Kosta za Mafinga zipo nyingi, elfu 5, kama saa mbili kama haisimami simami. Misitu ya misonobari, malori ya mbao, na ile hewa. Mafinga iko juu, zaidi ya mita 1,800, na Agosti upepo wake unakuja moja kwa moja kwenye masikio. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kumpeleka mama kwenye mitumba ya makoti, tukapata moja zito la sufi kwa elfu 15 kutoka elfu 25, mama akamwambia muuzaji "mwanangu mimi natoka Mbagala nakufa", na kijana akashusha bei papo hapo akampa na soksi juu.

Mchana tukaenda getini kuuliza utaratibu. Getini alikuwepo askari wa kike, kijana kabisa, amesimama wima buti zinang'aa. Akatuamkia mama shikamoo vizuri, akatueleza: wazazi kesho kuanzia saa moja asubuhi, njooni na vitambulisho, mizigo itakaguliwa, chakula cha kuharibika msilete, na picha hazipigwi ovyo ovyo mpaka mtakapoambiwa hapa sasa ruksa. Hilo la picha lizingatieni, ni kambi ya jeshi.

Mama akasikiliza yote halafu akauliza, "Na achari je?" Dada akasema mama, mwanao anakula vizuri. "Najua mwanangu, namuamini afande wenu, lakini achari je?" Dada akajitahidi uso usibadilike. Mama akauliza kwenu wapi, akasema Kilwa, basi hapo ikawa kama wamezaliwa nyumba moja, mama akafungua ndoo akamkinga visheti. Dada akasema, "Niko kazini mama, siruhusiwi." Mama akafunga ndoo, akachana gazeti, akafunga fungu lake pembeni akaandika juu kwa kalamu ya kuomba: MTOTO WA KILWA, AKITOKA ZAMU. Akaliacha kwenye benchi la wageni. Tulivyokuwa tunaondoka nikageuka, dada amesimama vile vile anaangalia mbele, lakini amelisogelea lile benchi hatua mbili.

Loji Mafinga mjini elfu 20, mablanketi mawili, ombeni la tatu. Usiku tumejifunika mama akauliza swali ambalo miaka yote hakuwahi kuniuliza, siku ya kwanza ilikuwaje. Nikamwambia siku ya kwanza ni nywele. Tulifika na rasta, mawigi, mtu na begi lake la matairi anaburuza kwenye vumbi, jioni yake wote upara. Na ukishanyolewa upara, wasichana zaidi ya mia mmevaa bukta bluu na tisheti kijani, hamjuani. Radi alinijia akanishika bega akaniuliza mimi mwenyewe, "Samahani dada, umemuona rafiki yangu mmoja wa Mbagala, ana nywele ndefu?" Nikamwambia Radi ni mimi. Akanitazama. Akasema, "Hapana, yeye ana nywele." Tukakaa chini tukacheka halafu tukalia kidogo halafu tukacheka tena, na kuanzia pale hanga zima tukawa tunajitambulisha upya kila asubuhi kwa siku kadhaa.

Nikamwambia na mchakamchaka. Wavulana walikuwa na nyimbo zao za kututania kwamba tutabaki nyuma. Sisi tulikuwa na wasichana wa Tanga, Pemba, Bagamoyo, watoto waliolelewa kwenye taarabu, wakasema ngoja. Mwisho wa wiki tukatoka na za kwetu, Radi anaanzisha tunaitikia kwa mapigo ya miguu:

*Mlisema mna mbio — mbona mwatweta?*
*Mlisema nyie simba — mbona mwaomba maji?*
*Msitutazame bukta — tazameni vumbi letu!*

Na tulikuwa mbele kweli. Afande wetu wa kike, wakati ule koplo, mama wa watoto wawili, alikuwa anakimbia pembeni yetu na nilimuona kwa macho yangu akipiga kofi la taarabu mara moja, kisha akajirekebisha mkono.

Ijumaa: uwanjani

Saa moja tuko getini. Fungu la Kilwa halikuwepo benchini, gazeti lilikuwa limekunjwa vizuri limewekwa chini ya jiwe.

Wazazi wengi, wengine wametoka Kigoma, wengine Mtwara wamelala njiani, wametandika mikeka pembeni. Vijana wakaingia uwanjani platuni moja moja, na mama akaanza kumtafuta mtoto wake. Hakumuona. Wote wamefanana, kofia zimeshuka, nyuso zimeungua na baridi, wamekonda mashavu wamenenepa mabega. Akawa anaonyesha, "Yule! Hapana yule!" Mzee mmoja pembeni yetu naye yuko hivyo hivyo, anampungia kila anayepita akisema mmojawapo atakuwa wangu.

Gwaride likapita kwa mwendo wa pole, likapita kwa mwendo wa haraka, wakala kiapo, wakaonyesha judo. Halafu likaja kwata la kimyakimya, na mwaka huu lilikuwa la platuni ya wasichana. Hakuna amri inayotamkwa, wanahesabu vichwani, wanageuka, wanapishana, buti zote zinagonga chini kwa pamoja, uwanja mzima kimya unasikia bendera. Na ndani ya kimya hicho hicho, safu ya mbele ikageuka upande wetu, na wa tatu kutoka kushoto akawa ni mdogo wangu.

Mama akapiga kigelegele.

Sio kidogo, kigelegele cha Mbagala, cha harusi, kirefu, chenye kona. Uwanja mzima ukageuka. Mgeni rasmi akageuka. Mimi nikamwangalia mdogo wangu, na wale wasichana, naapa, hakuna kope iliyocheza, wakahesabu wakageuka wakaendelea, buti moja tu. Lakini nilimuona puani, zile pua zilivyotanuka, namjua, alikuwa amekibana kicheko chote kifuani. Walipomaliza wakina mama wote wa uwanja ule wakajibu vigelegele vyao, na mgeni rasmi alipoanza kuongea akasema nidhamu ya platuni hii imepimwa leo na mzazi.

Baada ya hapo ruksa ya wazazi kuonana na vijana na kupiga picha. Mdogo wangu alikuja kwa ukakamavu, akasimama mbele ya mama hatua mbili, hajui akumbatie au apige saluti, akafanya vyote. Wenzake wakatuzunguka. Mmoja akawa kofia yake imekaa upande, mwenzie akamwambia rekebisha kofia, yule akajibu huku anacheka:

"Shangazi kashona!"

Radi aligeuka. Akamuuliza mdogo wangu wewe mdogo wangu, hilo umelitoa wapi, umewaambia wewe? Akasema hapana dada, hili liko hapa kambini, tumelikuta, waliotutangulia walikuwa wanalisema, kila intake ya wasichana inalisema, hakuna anayejua limetoka wapi, wengine wanasema shangazi alikuwa afande wa zamani, mkali sana, aliyekuwa anashona sare usiku. Radi, mwalimu mzima wa sekondari, akashika kiuno, kisha akawaambia wote kaeni chini. Wakakaa. Akawasimulia bukta, lesi, pazia. Sijawahi kuona watu waliotoka kuapa wanagaagaa kwenye nyasi na sare safi vile. Shangazi tulimpigia simu pale pale Tanga, tukaweka sauti kubwa, wakampigia makofi, na shangazi akauliza kitu kimoja tu, ile lesi ilidumu? Ilidumu shangazi.

Afande wetu wa mwaka 2014 bado yuko kwenye kazi, sasa stafu sajenti. Alitukumbuka, Radi kwa sauti na mimi kwa sababu nilikuwa naogopa ng'ombe. Amekwenda na kurudi Congo na kikosi chetu cha kulinda amani, maeneo ya Beni, na alituambia wanawake wa kule walikuwa wanawafuata wao askari wa kike kwa sababu wanasikilizana Kiswahili, anakuja mama na mtoto mgongoni anakuambia shida zake zote kabla hajamwangalia hata kamanda wako. Siku moja akina mama wa soko waliwauliza nani anawapikia huko kambini, walipoambiwa wanapika kwa zamu wanaume kwa wanawake, soko likasimama, wakataka walete wanaume wao waje kuangalia. Nilimtazama anavyosimulia nikajua ndiye nilikuwa namfuata mimi safari hii yote, ukiondoa mdogo wangu.

Ndipo mama akatoa zile kanga. Kumbe ndio alivyokuwa anazilinda. Zimeandikwa *Hongera mwanangu umenitoa kimasomaso*. Akazitandika chini, moja mbele ya nyingine, kama tunavyofanya pwani, mtoto apite juu. Mdogo wangu akaangalia buti zake zenye udongo mwekundu wa Mafinga akasema, "Mama, na viatu hivi?" Mama akasema kanyaga mwanangu, ndio kazi yake. Bado anasita. Stafu sajenti akaja karibu akatoa sauti yake ya uwanjani: "Kuruta, umepewa amri na mama! Kwa mwendo wa pole, mbele TEMBEA!"

Akapita. Kwa mwendo wa pole, mguu unanyooshwa unashushwa, mikono imekaza, machozi yanatiririka na kichwa juu. Akafika mwisho akageuka nyuma kijeshi.

Na pale pembeni kulikuwa na wasichana ambao wazazi wao hawakuweza kufika, kwao mbali au nauli hakuna, walikuwa wanaangalia. Mama akawaona. Hakusema neno, akazikusanya kanga akazirudisha mwanzo, akampungia wa kwanza mkono, njoo mwanangu. Ikawa foleni. Wanapita mmoja mmoja kwa mwendo wa pole, mama anapiga kigelegele kwa kila mmoja na anamuuliza jina ili apige cha jina lake, wakina mama wengine wakaongeza kanga zao, njia ikarefuka mpaka kwenye mikeka, na stafu sajenti anatoa amri ile ile kwa kila mmoja bila kuchoka. Wa Kilwa wa getini alikuwa bado zamu, yeye hakupita, lakini mama alimpelekea kanga moja akamfunga shingoni alipotoka.

Achari iliisha palepale, na samaki.

Jumamosi: kurudi

Basi la moja kwa moja Mafinga mpaka Dar elfu 40, tuliondoka asubuhi. Kateni tiketi ya kurudi siku moja kabla, sherehe ikiisha vijana wote wanatoka kwa pamoja na stendi inafurika kijani na bluu. Sisi tulikuwa nazo, ila kuna familia tuliwaacha pale wanahangaika.

Ilula nunueni nyanya, Ruaha Mbuyuni vitunguu, bei zinapungua mkishuka mkanunua ndoo badala ya kuchagua dirishani. Kitonga hakukuwa na lori.

Kuruta wetu alikuwa anakula chakula chote kwa dakika tatu na kusimama. Foleni ya choo ya Ruaha Mbuyuni ilikuwa fujo, watu wanasukumana, akatoka akasimama mbele akasema kwa upole kabisa, "Jamani mstari mmoja, kushoto wazee, kulia wenye watoto," na watu wakajipanga, hata konda akajipanga. Mama alikuwa anamwangalia tu. Tulivyopita Mikumi mdogo wangu akalala begani kwangu, konda alipopuliza filimbi kumzuia bodaboda mmoja akaruka wima kwenye siti akaita "AFANDE!" na basi zima likaitikia naye, maana Radi alishawasimulia.

Jumapili: nyumbani

Saa kumi alfajiri ameamka, amefagia uwanja, amekunja shuka zote pamoja na ile mama alikuwa bado ameilalia nusu.

Hesabu kwa mtu mmoja, kwenda na kurudi kwa njia yetu: usafiri wote elfu 78, loji usiku wa Iringa elfu 25 na Mafinga elfu 20 kila usiku (mkigawana chumba inashuka), chakula wekeni kama elfu 15 kwa siku mkila vizuri. Makoti msinunue Dar, Mafinga yapo mazuri na bei nafuu. Kwa mwenye mzazi wa mwambao, zidisheni soksi.

Mdogo wangu ni beki wa kulia, na amesema akirudi na majibu ya chuo au bila, anataka kuomba kujitolea ili ajaribu bahati JKT Queens, timu ya soka ya wanawake ya JKT, ambao mwaka 2023 walichukua ubingwa wa wanawake wa CECAFA, ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati, na wakaenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Wanacheza nyumbani uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, Mbweni. Mechi yao ijayo tunakwenda wote, Radi anakuja kutoka Tanga na shangazi, na shangazi ameshaomba vipimo vya bukta.